Fizikia ya Mpemba: Historia ya Makala Moja na Mipaka ya Kupima Mchango wa Mtafiti kwa Idadi ya Marejeleo

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi vya leo, mchango wa mtafiti hupimwa kwa kutazama rekodi yake ya machapisho: ameandika makala ngapi, zimetoka katika majarida gani, na zimerejelewa na watafiti wengine mara ngapi. Rekodi hiyo hutumika katika kupandisha vyeo, kugawa fedha za utafiti na kulinganisha wanataaluma wa nyanja mbalimbali. Kwa kuwa imeandikwa kwa tarakimu, huchukuliwa kuwa shahidi asiyependelea upande wowote.

Insha hii inalichunguza dai hilo kwa kutumia rekodi iliyo fupi kupita kiasi. Ni makala moja yenye kurasa nne, iliyochapishwa mwaka 1969 na Erasto B. Mpemba, kijana wa Kitanzania ambaye hakuwa na shahada yoyote, pamoja na Denis G. Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Makala hiyo ililipatia jambo moja la kimaumbile jina linalotumika hadi leo katika fizikia ya maji, ya chembechembe, ya koloidi na ya kwanta. Hata hivyo, kwa vipimo vinavyotumika sana, rekodi hiyo ni sawa na bure.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba idadi ya marejeleo huonyesha sehemu tu ya njia ambazo maarifa hupita kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Makala inapogeuka kuwa jina, au maarifa yanapotoka kwa watu wasioandika, hesabu hunyamaza. Kwa sababu hiyo, rekodi ya mtafiti inapaswa kusomwa kama hati ya kihistoria kabla ya kujumlishwa kama hesabu.

2.0 Chimbuko la kuhesabu marejeleo

Utaratibu wa kufuatilia marejeleo haukuanza kama mizani ya kuwapima watu. Nchini Marekani, wanasheria wa karne ya 19 walikuwa na vitabu vilivyojulikana kwa jina la Shepard, ambavyo vilionyesha ni hukumu zipi za baadaye zilizoitaja hukumu fulani ya awali. Wakili alivitumia ili kujua kama hukumu aliyotaka kuitegemea ilikuwa bado na nguvu au ilikwishatenguliwa. Eugene Garfield aliichukua mbinu hiyo na kuipendekeza kwa wanasayansi katika makala aliyoichapisha mwaka 1955 katika jarida la Science. Lengo lake la kwanza lilikuwa kumsaidia msomaji aone jinsi wazo moja lilivyopokewa na kukosolewa na waandishi waliofuata, ili watafiti wasiendelee kutegemea matokeo yaliyokwishapingwa. Aliona pia kwamba chombo hicho kingemfaa mwanahistoria anayetaka kujua uzito wa kazi fulani.

Faharasa ya marejeleo ya sayansi iliyotengenezwa na taasisi yake mjini Philadelphia ilizinduliwa rasmi mwaka 1964. Toleo la kwanza lilishughulikia machapisho ya mwaka 1961 kutoka majarida 613. Kuchagua majarida ilikuwa ni kuamua mapema ni mazungumzo gani yangesikika. Kazi iliyojadiliwa nje ya majarida hayo, au katika lugha ambayo haikuwamo, haikuacha alama yoyote katika faharasa.

Hatua ya kutoka kufuatilia mawazo hadi kuwapima watu ilikamilika polepole. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi h. Mtafiti ana h ya 10 iwapo makala zake 10 zimerejelewa angalau mara 10 kila moja. Urahisi wake ulikifanya kienee haraka, hasa kwa kuwa mwaka uliotangulia hazina za Scopus na Google Scholar zilikuwa zimekwisha kuanzishwa, na kompyuta ikaweza kutoa jawabu mara moja.

Hirsch mwenyewe alionyesha kwamba nyanja hazilingani. Katika takwimu zake, Edward Witten, aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wanafizikia, alikuwa na h ya 110, ilhali Solomon Snyder wa sayansi za uhai alikuwa na 191. Hakuna aliyehitimisha kwamba fizikia ya Witten ilikuwa hafifu kuliko kazi ya Snyder. Tofauti hiyo ilitokana na ukubwa wa jamii za watafiti, wingi wa makala zao na desturi zao za kurejeleana. Mfano mwingine ni makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 kuhusu namna ya kupima kiasi cha protini. Katika uchambuzi uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2014, makala hiyo iliongoza kwa kurejelewa zaidi ya mara 300,000, wakati makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haikuingia hata katika 100 za kwanza. Mbinu ya maabara hutajwa kila inapotumika. Ugunduzi mkubwa, kinyume chake, huingia katika vitabu vya kiada, na baada ya muda mfupi hakuna anayeona haja ya kutaja ulikotoka.

3.0 Kutoka Magamba hadi makala ya mwaka 1969

Historia ya makala ya Mpemba na Osborne inafahamika vizuri kwa sababu moja isiyo ya kawaida: makala yenyewe inaisimulia. Sehemu ya kwanza ni masimulizi ya Mpemba kuhusu yaliyompata shuleni, na sehemu ya pili ni maelezo ya Osborne kuhusu majaribio yaliyofanyika baadaye.

Mwaka 1963, Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kwenye milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba na kila mmoja aliiwania. Siku moja mwenzake aliyaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, akihofia kuikosa nafasi iliyobaki, aliyaweka yake yakiwa bado ya moto, ingawa alijua kwamba huenda angeliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu alikuta yake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa.

Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kwamba naye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Kwa hiyo, jambo ambalo darasani lilikuwa kosa, mtaani lilikuwa sehemu ya ufundi wa kujipatia riziki.

Mpemba alipoingia Shule ya Sekondari ya Juu Mkwawa, Iringa, alifundishwa kanuni ya Newton ya upoaji wa vitu, akaliuliza swali lake upya. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, haikuwa fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Hata hivyo alijaribu tena katika maabara ya biolojia, akitumia bika mbili, moja ikiwa na maji ya bomba na nyingine maji ya moto, na matokeo yakamtia moyo.

Osborne alipoitembelea shule hiyo kutoka Dar es Salaam, Mpemba alisimama na kumuuliza kwa nini maji yenye nyuzijoto 100 yakiwekwa katika jokofu pamoja na maji yenye nyuzijoto 35, yale ya nyuzijoto 100 hutangulia kuganda. Wanafunzi walicheka. Osborne hakuwa na jawabu, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo. Aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda, akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi. Osborne aliiandika kauli hiyo katika makala bila kuificha, na kwa mwanahistoria wa sayansi ni ushahidi wa thamani. Inaonyesha kwamba hata mbele ya kipimajoto, matarajio ya watu yalikuwa yamekwisha kuamua jawabu lipi lingehesabika kuwa jawabu.

Katika majaribio yaliyofuata, maji ya ujazo wa sentimita 70 za ujazo yaliwekwa katika bika na kuingizwa katika sehemu ya barafu ya jokofu la nyumbani. Muda wa kusubiri mpaka kuganda kuanze ulikuwa mrefu zaidi kwa maji yaliyoanza na nyuzijoto 25, na mfupi zaidi kwa yale yaliyoanza karibu na nyuzijoto 90. Waandishi walionyesha kwamba kupungua kwa maji kwa sababu ya uvukizaji hakukutosha kuieleza tofauti hiyo, wakaelekeza fikra kwenye namna joto linavyopotea kupitia uso wa maji. Hawakudai kwamba wamemaliza mjadala.

Makala ilitoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la Uingereza lililolenga walimu wa fizikia, mwaka mmoja kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa chuo kikuu kamili. Kufikia wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka. Maisha yake ya kazi yalielekea huko, katika uhifadhi wa wanyamapori. Hakuwa mtafiti wa fizikia baada ya hapo.

4.0 Safari ya jina katika nyanja mbalimbali

Jambo lenyewe lilikuwa limeonwa zamani. Aristotle aliandika kwamba wakazi wa Ponto walipovua samaki juu ya barafu walimwagia matete yao maji ya moto ili yashikwe na barafu upesi. Francis Bacon na René Descartes waligusia jambo kama hilo katika karne ya 17. Mwaka uleule wa 1969, George Kell wa Kanada alichapisha katika American Journal of Physics maelezo yake kuhusu imani ya watu wa nchi yake kwamba maji ya moto huganda kwanza. Alilieleza jambo hilo kwa uvukizaji, bila kujua lolote kuhusu Magamba wala Tanga. Licha ya hayo yote, jina lililobaki ni Athari ya Mpemba.

Robert Merton, mwanasosholojia wa sayansi, alieleza mwaka 1968 kwamba watafiti wawili wanapofanya kazi pamoja, sifa humwendea yule aliyekuwa na jina tangu mwanzo. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Osborne alikuwa na cheo, maabara na njia ya kufika kwenye jarida, lakini jina la kijana ndilo lililotangulia katika makala, na masimulizi yake ndiyo yaliyoifungua. Mpangilio huo wa kurasa nne ulitosha kuamua ni nani angekumbukwa.

Kwa miongo kadhaa mjadala ulibaki katika fizikia ya maji na ufundishaji wake. David Auerbach (1995) aliuhusisha na maji kupoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Monwhea Jeng (2006) aliipitia historia nzima na kuonyesha kwamba swali lenyewe halina budi kufafanuliwa kabla ya kujibiwa, kwa kuwa kuganda kuna maana zaidi ya moja. Mwaka 2012, Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mshindi, Nikola Bregović wa Zagreb, alitangazwa mwaka 2013.

Upinzani nao haukukosekana. Henry Burridge na Paul Linden (2016) walipima muda wa maji kufikia nyuzi sifuri, wakahitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa athari hiyo. Walionyesha pia kwamba kutofautiana kidogo kwa kina cha vipimajoto kunaweza kuleta matokeo ya uongo. Ukosoaji huu ni mzito, na historia yoyote ya makala hii inapaswa kuupa nafasi yake. Kwa upande wa hesabu, hata hivyo, makala inayoipinga nyingine huiongezea rejeleo moja sawasawa na ile inayoiunga mkono. Faharasa ambayo Garfield aliikusudia imsaidie msomaji kuuona ukosoaji imekuwa ikiugeuza ukosoaji huo kuwa sifa.

Wakati mjadala wa maji ukiendelea, jina lilivuka mipaka. Mwaka 2017, Zhiyue Lu na Oren Raz walilijenga wazo hilo upya katika nadharia ya thamodinamiki ya mifumo isiyo katika urari, na mwaka huohuo Antonio Lasanta na wenzake wakalichunguza katika mikusanyiko ya chembechembe zinazogongana. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walichapisha katika Nature jaribio lililofanywa kwa kijipunje cha koloidi, ambapo mfumo ulioanza na joto zaidi ulifikia ubaridi kwa haraka zaidi. Mwaka 2024, makundi mawili yaliyotumia ioni zilizonaswa, moja la Austria na jingine la Israeli, yalitangaza kuiona sura ya kwanta ya athari hiyo. Katika kazi hizi hakuna tena maziwa wala barafu. Kilichobaki ni muundo wa swali: inawezekanaje kilicho mbali zaidi na mwisho kikatangulia kufika? Neno ambalo kwa msomaji wa Kiswahili huashiria kwanza mtu wa Pemba limekuwa, kwa wanafizikia wa Kanada na Austria, jina la swali hilo.

5.0 Kisichoonekana katika hesabu

Rekodi hii ikiwekwa mbele ya kipimo cha h, jawabu lake linajulikana kabla ya kuhesabu. Mwenye makala moja hawezi kupata zaidi ya 1, hata kama makala hiyo itarejelewa mara milioni. Kipimo hicho kimeundwa ili kuonyesha mwendelezo wa uzalishaji, na kwa kazi hiyo kina manufaa yake. Tatizo huanza pale kinapochukuliwa kuwa kipimo cha athari ya wazo.

Jambo la pili linahusu jina lenyewe. Merton alibainisha kwamba mchango unaokubalika sana hufikia hatua ya kumezwa na maarifa ya kawaida, na chanzo chake kikaacha kutajwa. Mfano ulio karibu ni ile kanuni ya upoaji iliyotumika kumnyamazisha Mpemba darasani. Newton aliichapisha mwaka 1701 bila hata kuweka jina lake, na wanaoitumia leo hawaorodheshi chapisho hilo katika marejeleo yao. Athari ya Mpemba nayo inaweza kutajwa katika kichwa cha makala huku mwandishi akirejelea kazi za karibuni pekee. Kadiri jina linavyokuwa la kawaida, ndivyo ulazima wa kurejelea chanzo unavyopungua.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Wauza aiskrimu wa Tanga hawana rekodi yoyote. Walikuwa na maarifa, waliyatumia kila siku, na ushahidi wao ndio uliompa Mpemba sababu ya kutokata tamaa baada ya mwalimu kumkatalia. Wamo katika historia ya sayansi kwa sababu tu jarida moja la walimu lilikubali kuchapisha masimulizi ya mwanafunzi jinsi alivyoyaeleza. Kama Osborne angeandika ripoti ya kawaida ya maabara, yenye vipimo na majedwali peke yake, matokeo yangebaki yaleyale, lakini Tanga na Magamba vingefutika.

Suala hili linawagusa moja kwa moja watafiti wanaoandika kwa Kiswahili. Faharasa kubwa za marejeleo zimejengwa zaidi juu ya majarida ya Kiingereza. Mtafiti wa isimu, fasihi au historia anayechapisha katika majarida kama Kiswahili na Mulika anaweza kuwa na wasomaji walimu, waandishi wa vitabu vya kiada na watunga sera, na bado rekodi yake ikaonekana nyembamba ikilinganishwa na ya mwenzake wa tiba. Azimio la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 2012, lilitaka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 iliongeza kwamba utafiti wenye manufaa kwa mahali fulani ulindwe, na kwamba tofauti za nyanja zizingatiwe. Miongozo hiyo haikukataa tarakimu. Ilitaka zifuatane na hukumu ya wasomaji wanaoijua kazi yenyewe.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba Mpemba ni tukio la pekee, na kwamba taratibu za kupandisha vyeo haziwezi kujengwa juu ya tukio la pekee. Ni kweli kwamba makala moja haiwezi kuwa kanuni kwa watafiti wote. Hata hivyo, mambo yaliyoifanya isionekane katika hesabu ni ya kawaida kabisa: jarida la walimu badala ya jarida la utafiti, mwandishi asiye na cheo, maarifa yaliyotoka kwa watu wasioandika, na athari iliyochukua miongo kadhaa kuenea. Kila moja ya sababu hizo huwakuta watafiti wengi, ingawa ni nadra kukutana zote katika kurasa nne.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kuhesabu marejeleo kulianza kama nyenzo ya kufuatilia mawazo, na baadaye kukageuka kuwa mizani ya kuwapima watu. Makala ya Mpemba na Osborne inadhihirisha hasara ya mgeuko huo. Kama nyenzo ya kufuatilia mawazo, marejeleo yanatuwezesha kuliona swali likitoka katika jokofu la shule, likapita katika fizikia ya maji na kufika katika maabara za kwanta, pamoja na waliolitilia shaka njiani. Yakiwa mizani, yanatupatia tarakimu 1.

Kwa watahini na kamati za tathmini, funzo lake ni la kiutendaji. Tarakimu zisomwe pamoja na maswali ambayo mwanahistoria huiuliza hati yoyote: nani aliandika, kwa ajili ya nani, alipata wapi maarifa yake, nani aliyatumia baadaye na kwa jina gani. Mwalimu wa Iringa alipoitenga fizikia ya Mpemba na fizikia ya ulimwengu, alitumia kanuni iliyokubalika wakati huo na hakuona haja ya kufanya jaribio. Tathmini inayotazama jumla ya marejeleo bila kuifungua makala inarudia uamuzi wa aina hiyohiyo.